Thumuni, pesa na hela: Historia iliyojificha kwenye chenji ya mfukoni

Jumanne moja usiku nilishuka kwenye matatu, kondakta akanitia kiganjani koini nne huku gari likiondoka. "Shika chenji yako, mzee!" Sikuhesabu. Asubuhi yake nikaenda kibandani kununua mkate na maziwa, nikamwekea mama mwenye kibanda noti na zile koini juu ya kaunta. Akazitenga kwa kidole, moja moja, kisha akaiinua moja kuielekea jua.

"Mwalimu, hii ni pesa ya wapi? Simba yuko, lakini si huyu wetu."

Alichukua sarafu ya shilingi kumi ya siku hizi, ile iliyotolewa Desemba 2018 yenye picha ya simba, akaiweka kando ya ile yangu. Simba wawili. Wangu alikuwa amesimama, nyuma yake milima, na chini yake mwaka: 1952. Upande wa pili palikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Sita. Ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, kubwa kuliko kumi yetu ya sasa, kwa hiyo siwezi kumlaumu kondakta peke yake. Mwenye kuipokea gizani bila kuipapasa ni mimi.

"Kwetu Busia," mama akaendelea, "hizi za kuchanganya tumezizoea. Unapewa mia mbili ya Uganda unadhani umepata. Lakini hii yako hata Uganda hawaitaki."

Nikalipa kwa simu. Ile shilingi nikaitia mfukoni nikaenda nayo darasani, kwa sababu siku hiyohiyo nilikuwa nafundisha akisami, na kwa miaka mingi kuna swali moja ambalo wanafunzi huniuliza tukifika hapo. Tunataja nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Thumuni ni sehemu moja ya nane. Basi mwanafunzi mmoja mwenye babu mzungumzaji atanyoosha mkono tu: "Mwalimu, mbona babu huita senti hamsini thumuni? Senti hamsini ni nusu ya shilingi, si moja ya nane."

Jibu jepesi, ambalo nakiri niliwahi kulitoa nilipokuwa kijana, ni kwamba wazee walikosea. Hawakukosea. Hesabu yao ni sahihi kabisa, ila kile kitu kizima wanachokigawa kwa nane hakipo tena, na kimetoweka zamani kiasi kwamba hata babu mwenyewe hakukiona.

Kitu hicho ni riale. Katika karne ya 19, biashara kubwa ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ilihesabiwa kwa riale, na riale iliyopendwa kuliko zote ilikuwa sarafu nene ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka wa 1780. Ajabu ya sarafu hiyo ni kwamba iliendelea kutengenezwa baada ya kifo chake, vizazi na vizazi, ikiwa na mwaka uleule wa 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Unguja walikwisha kuizoea sura ile, na sarafu isiyofanana nayo waliitilia shaka. Kwa hiyo Ulaya ikawa inamfufua malkia kila mwaka ili Waarabu, Wahabeshi na Waswahili waendelee kuuza na kununua. Neno lenyewe, riale, halikutoka Austria. Ni neno la Kihispania, real, lililosafiri na fedha za Wahispania hadi Bahari ya Hindi, na likaishia kumvaa kila mwenzake aliyefanana naye kwa uzito.

Riale moja ilihesabiwa kuwa na thumuni nane. Hapo ndipo Kiarabu kilipotupa jina.

Halafu ikaja rupia ya Bara Hindi. Bei ya riale kwa rupia ilipanda na kushuka sokoni, lakini katika hesabu ya rahisi riale ilikuwa kama rupia mbili, mara nyingine rupia mbili na kitu juu yake. Kwa hiyo thumuni ya riale ikawa sawa na robo ya rupia. Watu hawakubadilisha jina. Sarafu ya robo rupia iliitwa thumuni, na yeyote aliyekuwa akiuza samaki Mombasa alijua maana yake bila kukumbuka hata siku moja kwamba anataja sehemu ya nane ya sarafu ya Maria Theresa.

Mwaka wa 1920 serikali ya kikoloni iliweka thamani ya rupia kuwa shilingi mbili za Kiingereza, na muda mfupi baadaye rupia ikafutwa, shilingi ikashika nafasi yake. Sasa piga hesabu. Riale ni rupia mbili, rupia ni shilingi mbili, riale ni shilingi nne. Gawanya shilingi nne kwa nane. Utapata senti hamsini juu ya alama.

Thumuni haikuhama hata kidogo. Kila kitu kilichoizunguka ndicho kilichohama. Wamarekani nao wana jambo kama hili: robo ya dola yao huitwa na wazee wao "vipande viwili", maana yake vipande viwili kati ya vinane vya ile riale ya Wahispania iliyotumika huko kabla dola yao haijazaliwa. Bahari mbili tofauti, sarafu ileile, na lugha mbili zimeng'ang'ania namba nane ambayo benki hazina habari nayo.

Nimewahi kusoma vitabu vya mazoezi vinavyoandika "thumuni: 1/8" na kuishia hapo, kana kwamba ile maana ya pili ni lahaja ya mtaani isiyofaa kutajwa mbele ya mtahini. Huo ni uvivu. Msamiati wa akisami tulioupokea kutoka Kiarabu uliingia Kiswahili kwa njia kuu mbili, mirathi na biashara. Anayeukata mguu mmoja asishangae mwanafunzi akiuona mwingine ukichechemea.

Tuje kwa neno kubwa zaidi, pesa. Leo hapa Kenya pesa ni jina la mali yote: pesa za serikali, pesa za karo, pesa za harusi, mabilioni ya pesa yaliyopotea. Lakini pesa ilikuwa sarafu moja, tena ndogo, ya shaba. Ni neno la Kihindi, paisa. Rupia moja ilikuwa na ana 16, kila ana ilikuwa na pesa nne, kwa hiyo rupia ilikuwa na pesa 64. Mwaka wa 1882 Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa zake zenye picha ya mizani. Mwaka wa 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu zake zilizoandikwa jina la Mombasa, na kwa mjuzi wa mambo haya hiyo ni sarafu ya kusisimua kuliko zote, kwa kuwa mji wetu haujawahi kuwa na pesa nyingine yenye jina lake tangu enzi hiyo. Kuanzia mwaka wa 1890 kampuni ya Wajerumani upande wa pili wa mpaka ilitoa pesa pia, tai wa Kijerumani upande mmoja, maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Mwishoni mwa muongo huo serikali ya Waingereza huku kwetu nayo ikatoa pesa zenye kichwa cha Malkia Victoria.

Kwa hiyo ukiwa Mombasa mwaka wa 1899 na umeuza nazi, ungeweza kupata kwenye chenji yako pesa ya Sultani, pesa ya Kampuni, pesa ya Malkia, pesa ya Mjerumani iliyovuka mpaka na pesa iliyotoka Bombay. Zote za shaba, zote zikikaribiana ukubwa. Siku hizo kukuta sarafu ngeni mfukoni hakukuwa tukio la kumwandikia mtu makala.

Wajerumani wakachoka na kugawa kwa 64. Mwaka wa 1904 walibadilisha hesabu, rupia yao ikawa na heller 100. Heller ni sarafu ya zamani ya Ujerumani iliyopewa jina la mji wa Hall, mahali ilipotengenezwa kwanza. Kiswahili kikaimeza: hela. Mjerumani mwenyewe hakukaa. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamfungia njia ya bahari, akakosa sarafu za kulipa askari na vibarua, na mwaka wa 1916 akaanza kuzitengeneza mwenyewe Tabora, hela 20 za shaba, nyingine zikitokana na maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Nimewahi kushika moja. Ni nyepesi kwa macho, kingo zake hazijakaa sawa, na ile herufi T ya Tabora imebanwa chini kama iliyoandikwa na fundi mwenye haraka. Zilikuwa pesa za watu wanaokimbia.

Muda si mrefu Mjerumani akaondoka, hela kama sarafu ikafa. Neno likabaki, na si kubaki tu. Mtanzania leo akikuambia "sina hela" hamaanishi kwamba hana sehemu moja ya mia ya rupia ya Kaiser. Anamaanisha hana kitu. Huku kwetu tunasema "sina pesa". Majirani wawili, lugha moja, na kila mmoja amechagua kibaki cha mkoloni wake kuwa jina la utajiri wote. Ukivuka kuelekea mashariki ya Kongo, wazungumzaji wengi wa Kiswahili husema makuta, jina la vijisehemu vya sarafu ya zaire iliyoanzishwa mwaka wa 1967 na ambayo nayo imekwisha kuzikwa. Waganda husema ensimbi, na hao wamerudi nyuma kuliko sisi sote, maana simbi ni kauri, ile konokono nyeupe ya baharini iliyokuwa pesa kabla ya pesa.

Angalia jambo moja hapo. Karibu kila mara ni sarafu ndogo inayopanda cheo, si kubwa. Riale haikuwa jina la mali yote. Rupia haikuwa, ijapokuwa ndiyo iliyokuwa mama wa pesa na hela. Pauni tuliihesabu serikalini hata baada ya uhuru, shilingi 20 kwa pauni moja, nayo haikuwa. Nadhani sababu ni kwamba maneno hutengenezwa na wanaoyatamka mara nyingi, na aliyetamka "pesa" mara mia kwa siku sokoni alikuwa muuza mchicha, si mwenye meli.

Kuna wanaodai pesa ilitokana na peso ya Wareno au Wahispania. Sina ugomvi nao, ila hesabu ya 64 kwa rupia na maduka ya Wahindi yaliyokuwa kila bandari vinanitosha.

Na fedha? Fedha ni jina la madini kwanza. Kiarabu fidha, ile nyeupe inayong'aa. Hapo kale kusema "nina fedha" kulikuwa kusema nina madini hayo, na riale zilikuwa madini hayo kwelikweli; wafua fedha wa pwani waliziyeyusha wakafanya mikufu na vikuku. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutengenezwa mwaka wa 1921, robo yake tu ndiyo ilikuwa fedha, robo tatu madini mengine. Ikadumu hivyo hadi 1946. Zilizofuata, pamoja na hii yangu ya 1952, hazina fedha hata chembe. Fedha isiyo na fedha. Mwenye kamusi mkononi aiangalie vizuri hiyo sentensi.

Sarafu nayo si neno la peke yake. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kugeuza na kubadilisha, na ndio uliotupa masurufu, fedha za matumizi ya safari. Ndio pia uliotupa kusarifu, kwa maana ya kuitumia lugha kwa ustadi. Wanaharibifu wa lugha wanaonilalamikia kila wiki kwamba ninawasumbua na mizizi ya maneno wajue kwamba kubadilisha noti na kunyambua kitenzi ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa nirudi kwenye mfuko. Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa na kopo la majani chai ambalo watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Alipofariki likafunguliwa. Ndani mlikuwa na kamba za mkonge, na katika kila kamba mmetungwa senti kumikumi zenye tundu katikati. Mama akatueleza. Nyanya hakuwa na mfuko katika nguo zake, kwa hiyo alizitunga. Kamba ya senti kumi mara kumi ilikuwa shilingi moja kamili, haihitaji kuhesabiwa mara ya pili. Serikali ya kikoloni ilijua hivyo, na tundu liliwekwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Pia liliokoa madini na kusaidia kutofautisha sarafu kwa kugusa. Pembeni mwa tundu zilichorwa pembe mbili za ndovu zilizopinda. Senti tano iliyofanana nayo ndiyo tuliyoiita ndururu, na hata sasa mtu aliyefilisika Nairobi atakuambia hana hata ndururu, ingawa hajaiona maishani. Ile ya kumi iliitwa peni, na wingi wake, mapeni, ukawa jina lingine la mali.

Kamba za nyanya zilikuwa kumi na mbili. Shilingi kumi na mbili za mahindi na mayai. Mwaka wa 1966 Benki Kuu ya Kenya ilianza kutoa sarafu zake zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Za zamani ziliruhusiwa kutumika sambamba nazo kwa miaka michache, na shilingi mpya ilifanywa ukubwa uleule wa ile ya zamani ili watu wasitatizike. Kisha za zamani zikakoma kuwa halali. Kwa nyanya hakufika mtu wa kumwambia, au alifika na nyanya hakuamini. Mama husema alipopelekwa dukani kununua sukari kwa kamba mbili, mwenye duka alizirudisha. Nyanya alikasirika, akadhani mwenye duka ni mwizi. Zile kamba zilikuwa za karo ya mjomba.

Sisemi serikali mpya ilikosea kutoa sarafu yake. Nchi huru haiwezi kuendelea kununua chumvi kwa kichwa cha mfalme wa wengine. Ila ukisoma historia ya fedha katika vitabu, utaona mabadiliko haya yameandikwa kwa tarehe na thamani, nayo yanaonekana safi. Hasara yake huwa ndani ya kopo.

Badiliko la 1920 na 1921 lilikuwa baya zaidi. Rupia iliyokuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne ilipandishwa hadi shilingi mbili. Mwaka huohuo wa 1920 kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa hadi rupia nane, yaani shilingi 16 kwa hesabu mpya. Walowezi walilalamika kwamba madeni yao na mishahara wanayolipa vimekuwa ghali kwa pauni, na mwaka wa 1921 wakaafikiana kupunguza ujira wa Waafrika kwa thuluthi moja. Ujira ukashuka, kodi ikabaki pale pale. Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi mwaka huo, hilo la ujira na kodi lilikuwa katika mambo ya kwanza midomoni mwao. Alikamatwa Machi 1922, umati ulioandamana ukapigwa risasi, na baadaye mwaka huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Nikiiona shilingi ya miaka ile, na simba wake mtulivu mbele ya milima, huwa nawaza kuhusu hiyo thuluthi. Nayo ni akisami.

Katika kamba moja ya nyanya, nikizisafisha kwa ndimu, nilikuta peni ya mwaka wa 1936 ambayo kwa muda niliidhania kuwa na kosa. Jina la mfalme lilikuwa Edwardus VIII. Edward wa Nane alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja, akaacha kiti mwezi wa Desemba 1936 ili amwoe mwanamke aliyemtaka, na hakuwahi kutawazwa. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni. Lakini senti za Afrika Mashariki zenye tundu hazikuwa na kichwa cha mfalme, haziwezi kuwa nacho pale penye tundu, zilikuwa na jina lake tu. Kwa hiyo mafundi hawakuhitaji kusubiri sura ipatikane, wakazitengeneza kwa wingi. Waingereza walio wengi hawakupata kushika sarafu ya mfalme wao huyo. Nyanya yangu, ambaye hakujua kusoma, alikuwa naye kwenye kamba ya mkonge. Kabla msomaji hajakimbilia kopo la nyumbani kwao: zilikuwa nyingi, bei yake si ya kununulia shamba.

Tazama pia herufi ndogo chini ya sarafu hizo. H na KN ni viwanda vya Birmingham. I ni Bombay na SA ni Pretoria, zilizosaidia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna herufi ya Nairobi.

Na hakukuwa na neno la Kiswahili. Hili linaniuma hata leo. Sarafu za kwanza za Tanzania huru ziliandikwa "shilingi moja", "senti hamsini". Zetu za mwaka uleule wa 1966 ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali watu waliozitumia waliita thumuni, ndururu na peni. Tulibadilisha kichwa tukaacha lugha. Katiba ya 2010 ilipokuja na kukataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, tuligombana sana kuhusu vichwa. Sikumbuki mjadala mkali kuhusu maneno.

Kwa sababu ya kifungu hicho, chenji ya Mkenya leo ni makumbusho madogo. Mwaga mfuko wako mezani. Utamkuta Moi, utamkuta Kenyatta aliyerudishwa kwenye sarafu za 2005, na ukiwa na bahati Kibaki kwenye ile ya shilingi 40 ya mwaka wa 2003, kisha twiga wa shilingi moja, kifaru wa tano, simba wa kumi na ndovu wa ishirini. Hizo za vichwa bado ni halali. Vijana wanaziita kobole, ashu na mbao, na ashu, kama hukuitambua, ni ashara, kumi ya Kiarabu, imekatwa mkia. Kule Dar es Salaam sarafu ya shilingi tano iliwahi kuitwa dala, kwa mfano wa dola, na nauli ya dala ikawapa magari jina la daladala. Dola nayo ni thaler ya Kijerumani iliyobadilika matamshi. Riale ya Maria Theresa ilikuwa thaler. Kondakta wa Kariakoo aliyekuwa akipiga kelele "dala, dala" alikuwa anamwita yuleyule malkia bila kujua.

Senti zimekufa kabisa. Madukani mtu alikuwa akirudishiwa peremende badala ya senti hamsini, siku hizi hata peremende hakuna. Na tangu mwaka wa 2007 pesa yenyewe iko kwenye simu, ikiwa na jina la sarafu ya shaba ya Kihindi ambayo haikununua zaidi ya ndizi. Nilitafuta mfano wa kueleza jambo hili darasani nikaishia kuwaandikia ubaoni: pesa 64, rupia 1. Wakacheka. Mmoja akauliza basi mtu mwenye pesa 10,000 kwenye simu ana rupia ngapi. Tukakokotoa pamoja: 156 na robo. Robo ya rupia, nikawaambia, ndiyo ipi? Darasa zima: "Thumuni!"

Jioni nilipita tena kibandani. Nilitaka kumweleza mama habari za riale, za Tabora, za Edward wa Nane. Alinisikiliza akipanga nyanya mafungu, kisha akauliza kama yule simba wangu ana bei kwa wanaokusanya. Nikamwambia ana bei ndogo sana, ya kawaida.

"Basi mwalimu," akasema, "asubuhi kwenye simu ulituma pungufu. Bado nakudai kumi."

Nikatoa simba wa 2018.